Mche unarefuka bila nguvu? Shusha taa kabla ya kununua nyingine

Buguruni nyumba zimebanana. Dirisha la chumba mara nyingi linatazama ukuta wa jirani, na uani jua huingia kwa saa chache tu, tena hapo ndipo kamba za nguo zilipo. Mzazi anayetaka kuotesha mchicha, nyanya au pilipili hoho kwenye makopo hubaki na sehemu moja: ndani, chini ya taa.

Chukua mfano wa mama wa watoto wawili, mpangaji wa chumba na sebule. Mwanawe wa darasa la tatu amerudi na kazi ya shule: apande mbegu, aandike kila siku anachokiona. Wamekata chupa kubwa ya maji, wametoboa matundu chini, wamejaza udongo na kunyunyizia mbegu za mchicha. Chupa imewekwa juu ya kabati, chini ya balbu ya LED ya sebuleni.

Siku ya nne mbegu zimeota, mtoto anashangilia. Siku ya tisa anauliza, “Mama, mbona mchicha wangu umelala?”

Miche imekuwa mirefu na myembamba kama uzi wa kushonea, majani mawili madogo yamepauka, na mashina yameinama. Mama anaongeza maji. Kesho yake imelala zaidi.

Mchicha ule haukukosa maji. Ulikosa mwanga, ingawa taa ilikuwa inawaka muda wote.

Macho yanadanganya

Jicho la binadamu huzoea giza na mwanga haraka, ndiyo maana sebule yenye taa tunaiona ina mwanga wa kutosha. Mmea hauoni hivyo. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa kipimo kiitwacho lux. Jua kali la mchana hufikia takriban lux 100,000, wakati sebule iliyowashwa taa usiku mara nyingi haivuki lux mia chache. Mche uliozoea jua la Dar es Salaam ukiwekwa hapo hurefuka kuutafuta mwanga. Unatumia akiba yake kujenga shina badala ya majani, kisha unaanguka.

Jambo la kujua ni kwamba mwanga wa balbu hutawanyika kadiri unavyokwenda mbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hubaki karibu robo. Ukiongezeka mara tatu, hubaki karibu sehemu moja ya tisa. Taa ya dari iliyo mita moja na nusu juu ya chupa haiwezi kufanya kazi ya taa iliyo sentimita 15.

Hesabu hiyo ukiigeuza, inamsaidia mzazi. Kushusha balbu kutoka sentimita 30 hadi 15 ni karibu sawa na kuwasha balbu nne badala ya moja, bila kununua hata moja.

Pa kuanzia

Umbali hupimwa kutoka kwenye taa hadi jani la juu kabisa, si hadi kwenye udongo wala mdomo wa kopo. Vipimo vya kuanzia kwa miche michanga ni hivi:

Balbu ya kawaida ya LED, nyeupe, ya wati 9 hadi 12: sentimita 10 hadi 20. Balbu moja inatosha kopo moja au mawili yaliyosogeleana.

Taa ndefu ya LED, ile ya tyubu: sentimita 15 hadi 30. Hii hufaa zaidi kwa makopo yaliyopangwa mstari.

Paneli maalumu ya mimea yenye nguvu: anza na sentimita 45 hadi 60, kisha shusha taratibu. Kama boksi lina maelekezo ya umbali, yafuate hayo kwanza.

Wakati wa kununua, soma wati halisi. Boksi linaweza kuandika kwa herufi kubwa “sawa na wati 60”, huku balbu yenyewe ni ya wati 9. Balbu za kizamani zenye uzi wa kuwaka ndani hazifai kazi hii, kwani umeme mwingi huishia kwenye joto na zikisogezwa karibu huunguza majani.

Baada ya hapo, mmea wenyewe ndio utakaosema. Shina likirefuka na kuwa jembamba, majani yakiachana sana na rangi ikipauka, taa iko mbali. Ishusha sentimita tano, subiri siku tatu. Majani ya juu yakigeuka meupe, yakijikunja au kukauka kingo huku ya chini yakiwa mazima, taa iko karibu mno. Ipandishe. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano huku ya juu ni mazuri, usiikimbilie taa; angalia kwanza kama maji yamezidi au udongo umechoka.

Njia nyingine ni kuweka kiganja usawa wa jani la juu kwa nusu dakika. Ukihisi joto la kukukera, jani nalo linalihisi.

Kama taa haishuki, pandisha kopo. Tofali, ndoo iliyofunikwa au madaftari ya zamani yatafanya kazi hiyo. Mche unapokua unaondoa tofali moja, na umbali unabaki ule ule.

Hata angani wanafanya hivyo

Watoto wakidhani hii ni kazi ya kubahatisha, waambie kuhusu wanaanga. Mwezi Agosti 2015, wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu walikula majani ya saladi waliyoyaotesha huko huko, chini ya taa za LED. Bustani yao ndogo, iitwayo Veggie, imetengenezwa na kuta laini zinazokunjuka, ili taa isogee mbali kadiri mimea inavyorefuka. Tofali la Buguruni linafanya kazi ile ile.

Saa 12 zinatosha

Dar es Salaam haiko mbali na ikweta, hivyo mchana wake ni karibu saa 12 mwaka mzima. Mboga nyingi za hapa zimezoea ratiba hiyo. Washa taa saa 12 asubuhi, zima saa 12 jioni. Kuiacha usiku kucha ili kufidia umbali hakusaidii. Mmea nao unahitaji giza. Umeme ukikatika siku moja, sogeza makopo mlangoni au dirishani, hautakufa.

Sasa suala la LUKU. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila siku hutumia uniti tatu na kidogo kwa mwezi. Paneli ya wati 40 hutumia uniti 14 na zaidi. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayenufaika na bei nafuu ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, paneli hiyo peke yake inakula karibu sehemu ya tano ya kiwango chake.

Kwenye nyumba ya wapangaji wanaochangia mita moja, taa inayowaka mchana kutwa inaweza kuleta maneno. Ni vyema kuwaeleza wenzako mapema, ukiwa na hesabu mkononi, kuliko kuulizwa mwisho wa mwezi. Uniti tatu zinaelezeka.

Kwa nini uhangaike

Kopo mbili za mchicha hazitaziba pengo la Soko la Buguruni, na hakuna haja ya kujidanganya. Lakini ipo sababu ya kumfundisha mtoto kujua chakula kinatoka kwenye udongo gani. Mwaka 1999, watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha katika jarida la Food Chemistry utafiti kuhusu mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima kadimiamu, shaba, risasi na zinki katika mboga hizo, mchicha ukiwemo.

Ndiyo maana udongo wa kopo usichotwe kando ya barabara kuu, karibu na gereji au kwenye jalala. Taa ikiwa sahihi na udongo ukawa mchafu, umefanya nusu ya kazi.

Taa ya ndani pia ina kikomo chake. Inafaa zaidi kuotesha miche kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Nyanya na hoho zinahitaji mwanga mwingi zaidi ili zizae, hivyo zikipata nguvu zitafutiwe jua, hata la uani kwa saa chache. Zitoeni taratibu: siku ya kwanza saa moja ya jua la asubuhi, kisha mkiongeza kila siku kwa muda wa wiki. Mche uliolelewa chini ya taa ukitolewa ghafla saa saba mchana huungua.

Waya na watoto

Maji na umeme vinapokaa karibu, mzazi ndiye msimamizi. Taa isining’inizwe kwa waya wake wa umeme. Ifungwe kwa kamba imara au mnyororo kwenye msumari uliokaza. Waya uachwe ulegee ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lidondoke chini. Zima swichi kabla ya kumwagilia. Waya uliochubuka usifungwe kwa plasta tu, aitwe fundi umeme. Watoto wasiikodolee macho taa ikiwa karibu na uso, hasa zile za zambarau zenye nguvu.

Yule mama alirudia kupanda. Safari hii balbu ilishushwa kwa kamba hadi sentimita 15, na rula ya shule ikakaa kando ya kopo. Kila Jumamosi mtoto anapima kutoka taa hadi jani la juu, anaandika namba kwenye daftari, kisha anasema kama tofali litoke au libaki. Swichi ni ya mama, rula ni ya mtoto.

Kama kwako kuna mche umelala leo, usiongeze maji wala usiende dukani kwanza. Chukua rula, upime.