Vidonge vya homoni kwa saratani ya tezi dume: Usipuuze mguu mmoja uliovimba

Mzee anayemeza vidonge vya estrojeni kutibu saratani ya tezi dume akiamka mguu mmoja umevimba, nyumbani husemwa ni uchovu wa shamba la mpunga au amekanyaga kitu kibaya. Anachuliwa kwa mafuta, kisha anasubiri. Kusubiri huko kunaweza kumuua.

Saratani hii hutegemea testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kuwa kuondoa korodani, au kumpa mgonjwa estrojeni, huidhoofisha. Vidonge vya estrojeni vikaenea kwa kuwa ni vya bei nafuu.

Miaka ya 1960, utafiti mkubwa nchini Marekani ulibaini kuwa waliomeza miligramu 5 kila siku walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Sababu ni kwamba kidonge kikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini huchochewa kutengeneza kwa wingi protini zinazogandisha damu. Ndiyo maana Uingereza wamefanyia utafiti estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, ambayo haipiti kwanza kwenye ini.

Saratani yenyewe nayo huongeza kuganda kwa damu. Ongeza umri mkubwa, sigara, unene, kulala kitandani muda mrefu, au kukaa ndani ya basi kutoka Kyela hadi Ocean Road, Dar es Salaam, na hatari inazidi.

Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo ni hizi:

- Mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa na joto, hasa kwenye kigimbi.
- Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, au kukohoa damu.
- Mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au kushindwa kuongea. Hiki ni kiharusi.

Usiuchue mguu huo. Bonge la damu linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Ukiwa Matema, Ipinda au Itungi, anza na kituo cha afya kilicho karibu, na uwaambie mapema kuwa unatumia homoni. Wao ndio watakaoamua kukupa rufaa kwenda Mbeya.

Kabla ya kuanza dawa, mweleze daktari kama umewahi kuganda damu, kupata kiharusi au kuugua moyo. Uliza pia kuhusu njia nyingine, ikiwemo sindano za homoni au upasuaji wa kuondoa korodani. Wazee wengi huuogopa upasuaji huo, lakini hauleti hatari hii ya estrojeni.

Usiache vidonge wala kuanza aspirini kwa uamuzi wako. Safarini, kunywa maji, chezesha nyayo mara kwa mara, na basi likisimama shuka utembee.

Nanyi watoto, mkimpigia baba simu, msiishie kuuliza kama amekula. Muulizeni na miguu yake inaendeleaje.