Breki za diski za nyuma kwenye Datsun 240Z

Breki za diski za nyuma kwenye Datsun 240Z ni badiliko linalofanywa na mafundi na wamiliki wa gari hilo la michezo la zamani kutoka Japani. Breki za dramu zilizofungwa na kiwanda kwenye magurudumu ya nyuma huondolewa, na mahali pake hufungwa diski na kalipa. Mara nyingi badiliko hili hufanywa kwa matumaini ya kupunguza umbali wa kusimama. Hata hivyo, faida yake kubwa zaidi ni kustahimili joto na urahisi wa matengenezo. Likifanywa bila kupanga upya mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma, gari linaweza kuwa hatari kuliko lilivyokuwa lilipotoka kiwandani.

Gari lenyewe

Datsun 240Z ilitengenezwa na kampuni ya Nissan na kuonyeshwa kwa umma mwaka 1969. Nchini Japani familia hiyo ya magari iliitwa Fairlady Z. Injini yake ilikuwa na silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, zenye ujazo wa cc 2393. Magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski, na ya nyuma yalikuwa na breki za dramu. Mpangilio huo uliendelea katika matoleo ya 260Z na 280Z hadi mwaka 1978. Toleo lililofuata, 280ZX, liliuzwa Marekani likiwa na diski kwenye magurudumu yote manne.

Afrika Mashariki inaikumbuka 240Z kwa mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1971 ilishinda ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 ilishinda tena ikiendeshwa na Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda aliyeiwakilisha Kenya, akiwa na Lofty Drews.

Tofauti ya dramu na diski

Breki ya dramu ina chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna brekishuu mbili zenye umbo la upinde. Dereva akikanyaga pedali, pistoni ndogo husukuma brekishuu zigusane na ukuta wa dramu. Mzunguko wa dramu huivuta brekishuu ya mbele na kuikaza zaidi, hivyo breki hujiongezea nguvu yenyewe. Ndiyo sababu dramu hufanya kazi vizuri hata kwa shinikizo dogo la mafuta, na hushika vyema inapotumiwa kama breki ya mkono.

Breki ya diski ina sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili na pedi zilizomo ndani ya kalipa. Haijiongezei nguvu, kwa hiyo inahitaji pistoni kubwa zaidi au shinikizo kubwa zaidi. Faida yake ni kwamba sahani iko wazi na hupoa haraka kwa upepo. Dramu ikipata joto hutanuka na kuziacha brekishuu, na pedali huanza kwenda chini zaidi. Diski ikipata joto hutanuka kuelekea kwenye pedi. Tena maji na vumbi hutoka kwenye diski kwa urahisi, ilhali ndani ya dramu hukaa.

Frederick Lanchester alipata hataza ya aina ya breki ya diski nchini Uingereza mwaka 1902. Ubora wake kwenye magari ya mashindano ulionekana wazi mwaka 1953, gari la Jaguar C-Type lenye diski za Dunlop liliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Baada ya hapo viwanda vingi vilianza kuweka diski mbele tu, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari.

Kwa nini mbele kuna kazi zaidi

Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele. Kiasi kinachohama hutegemea ukali wa breki, kimo cha kitovu cha uzito na umbali kati ya ekseli. Kwa mfano, gari la kilo 1000 lenye uzito uliogawanywa sawa mbele na nyuma, umbali wa mita 2.3 kati ya ekseli na kitovu cha uzito kilichoko nusu mita kutoka ardhini, likipunguza mwendo kwa asilimia 80 ya nguvu ya mvutano wa dunia, litahamisha takriban kilo 174 kwenda mbele. Magurudumu ya mbele yatabeba kilo 674, na ya nyuma yatabaki na kilo 326, yaani chini kidogo ya theluthi moja.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, kama breki za zamani zilikuwa tayari na uwezo wa kuyafunga magurudumu yote, kikomo cha kusimama ni mshiko wa tairi barabarani, na diski za nyuma haziwezi kukivuka. Tairi mpya na pedi nzuri za mbele huweza kuleta tofauti kubwa zaidi. Pili, breki za nyuma zenye nguvu kupita kiasi huyafunga magurudumu ya nyuma kabla ya yale ya mbele. Hapo nyuma hupoteza mshiko wa pembeni na gari huzunguka. Magurudumu ya mbele yakifunga kwanza, gari huenda moja kwa moja bila kutii usukani, jambo ambalo pia ni baya, lakini dereva anaweza kulirekebisha kwa kulegeza mguu.

Hatua za kazi

Njia inayotumika sana ni kuchukua kalipa za nyuma za 280ZX au za gari jingine la Nissan, pamoja na vishikizo maalumu vinavyounganisha kalipa na nguzo ya shokamzoba. Sahani ya chuma iliyoshikilia brekishuu huondolewa. Ili kuitoa ikiwa nzima ni lazima kufungua nati kubwa ya ekseli fupi ya gurudumu na kutoa habu. Wakati huo beringi na sili hukaguliwa na kubadilishwa zikiwa zimechoka. Diski huvalishwa juu ya habu, kisha kalipa hufungwa na kuhakikishwa kwamba inakaa katikati ya diski bila kugusa rimu.

Kalipa lazima iwekwe upande wake sahihi. Kiburuji cha kutolea hewa kinatakiwa kuwa juu, kwa sababu hewa hupanda. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, kiburuji huweza kuwa chini, na hewa itabaki ndani hata mafuta yakisukumwa mara nyingi. Pedali itakuwa laini.

Kalipa huhitaji mafuta mengi zaidi kuliko silinda ndogo za dramu, hivyo pedali huweza kwenda mbali. Kwa sababu hiyo silinda kuu ya 240Z, yenye kipenyo cha inchi 7/8, mara nyingi hubadilishwa kwa ile ya inchi 15/16. Eneo la pistoni huongezeka kwa takriban asilimia 15 na mwendo wa pedali hupungua. Hata hivyo, kwa nguvu ileile ya mguu shinikizo la mafuta hupungua kwa takriban asilimia 13. Pedali fupi haimaanishi breki kali.

Vali inayobakiza shinikizo dogo kwenye njia ya dramu, kama ipo, huondolewa. Ikiachwa, pedi hubaki zikigusa diski, huzaa joto na kuisha mapema.

Mafuta ya breki hubadilishwa yote. Mafuta mapya ya DOT 3 huanza kuchemka yakifikia angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 yakifikia angalau 230. Aina hizi hufyonza unyevu wa hewa, na kadiri yanavyozeeka ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka. Mafuta ya DOT 5, yanayotengenezwa kwa silikoni, hayachanganywi nayo.

Breki ya mkono

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Kalipa za nyuma za magari mengi zina wenzo unaovutwa na waya na kuisukuma pistoni kwa skrubu ya ndani. Pistoni ya aina hiyo hurudishwa kwa kuzungushwa. Kuibana kwa nguvu huiharibu. Waya wa zamani huhitaji kupindishwa au kubadilishwa ili ufike kwenye wenzo bila kukwama. Baada ya kazi, gari hujaribiwa kwenye mteremko, kwa kuwa diski haina ile nguvu ya kujikaza iliyokuwa kwenye dramu.

Kupanga mgawanyo na kujaribu

Vali ya kiwanda inayopunguza shinikizo la nyuma ilipimwa kwa ajili ya dramu. Wengi huiondoa na kuweka vali inayorekebishwa kwa mkono. Majaribio hufanywa mahali palipofungwa, pasipo watu wala magari mengine, kwanza kwa mwendo mdogo. Shinikizo la nyuma huanza likiwa dogo, kisha huongezwa kidogo kidogo huku msaidizi aliyesimama mbali akiangalia magurudumu. Ya mbele lazima yafunge kwanza kila mara, kwenye lami kavu na kwenye lami iliyolowa.

Faida na hasara

Diski za nyuma huwafaa zaidi wanaoendesha kwenye viwanja vya mbio au kwenye miteremko mirefu, ambako breki hutumika mfululizo na joto hupanda. Pedi huonekana na hubadilishwa kwa muda mfupi. Kwa matumizi ya kawaida ya barabarani, dramu zilizorekebishwa vizuri hutosha.

Kwa upande mwingine, magari yaliyobaki na vipuri vya asili hupendwa na wakusanyaji. Kwa hiyo baadhi ya wamiliki huchagua vishikizo vinavyofungwa kwa boliti bila kukata chochote, na huhifadhi dramu za zamani ili gari liweze kurudishwa lilivyokuwa. Katika baadhi ya nchi, ikiwemo Ujerumani, badiliko la breki hukaguliwa na kuidhinishwa kabla ya gari kuruhusiwa barabarani.