Unga Mweupe Uamuao Bei ya Rangi

Kila mvua zikomapo hapa Ufipa, vyama vya msingi hufikiria kupaka rangi maghala kabla ya kupokea mahindi mapya. Katibu atokaye Kaengesa kwenda Sumbawanga kununua rangi nyeupe huenda akaikuta bei imepita kiasi kilichoidhinishwa na mkutano, na arudipo wanachama wakamtilia shaka. Ni haki wajue bei hiyo hutoka wapi.

Kiifanyacho rangi nyeupe ifunike ukuta ni unga wa titani, ulioshika nafasi ya unga wa risasi wenye sumu. Hutokana na mchanga mzito mweusi. Mchanga huo ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, tangu mwaka 2013. Shehena ya kwanza ilisafirishwa Februari 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma kwa kuwa madini yalikuwa yamekwisha. Mchanga uliuzwa ng'ambo, unga ukanunuliwa ng'ambo. Faida iliyo kati ya mambo hayo mawili haikubaki Afrika Mashariki.

Viwanda vya unga huo, vingi vikiwa China, huchukua miaka kujengwa. Mahitaji yakizidi ghafula, unga hauongezeki kama mkulima aongezavyo ekari ya alizeti msimu ujao. Bei ndiyo ipandayo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2010 na 2011, ujenzi ulipofufuka baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Januari 2017 moto uliunguza kiwanda cha Pori, Finland, chenye uwezo wa tani 130,000 kwa mwaka, na wanunuzi wa Ulaya wakataabika.

Lakini hasara kubwa ya chama imo ndani ya ndoo. Titani iwapo ghali, watengenezaji wengine huipunguza na kuongeza unga wa mawe ya chokaa au kaolini. Rangi hiyo huuzwa rahisi, ila haifuniki. Tuseme kila mpako wa ghala humaliza ndoo moja. Ndoo ya shilingi 60,000 ikihitaji mipako mitatu, chama kitalipa 180,000. Ile ya 80,000 ikitosha kwa mipako miwili, kitalipa 160,000, na fundi atalipwa siku chache zaidi. Kamati ijaribu kwanza kopo dogo juu ya ubao wenye mstari mweusi, ihesabu mipako mpaka mstari upotee, ndipo inunue.

Kuta za ndani zaweza kupakwa chokaa tu, mradi magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta.