MAJI TWAHARA, LAKINI JE, NI SALAMA?
Mbolea, mmomonyoko wa udongo na utando wa kijani ziwani



Ndugu zetu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Musoma hadi Kisumu, wanaijua hali hii: kuna siku maji ya ufukweni hugeuka yakawa mazito na ya kijani, kama kwamba mtu amemwaga rangi. Mafakihi wanatufundisha kuwa maji yaliyobadilishwa na ukoga unaoota ndani yake yenyewe hubaki twahara, na udhu wake unasihi. Hilo halina shaka. Ila wengi wetu tunachanganya mambo mawili, utwahara wa maji na usalama wake. Maji yanaweza kufaa kwa udhu, lakini yakamdhuru anayeyanywa.

Kuchemsha hakutoshi

Utando ule ni mkusanyiko wa viumbe vidogo mno, na vingi kati yake ni jamii ya bakteria. Baadhi hutengeneza sumu inayodhuru ini. Watafiti wamekwishaikuta sumu hiyo katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya na Ghuba ya Mwanza upande wa Tanzania.

Mama wa nyumbani, zingatia hili: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi sumu hii. Moto huvipasua vile viumbe, na sumu iliyokuwamo ndani yake ikamwagika majini. Kuchuja kwa kitambaa nako hakuiondoi. Kwa hiyo usichote maji ya kunywa wala ya kupikia penye utando. Tafuta maji ya bomba, ya kisima kirefu au ya mvua. Watoto wasiogelee hapo, na mifugo isinyweshwe hapo. Ukiwa na maji mengine, tawadha kwa hayo, kwani katika kusukutua na kupandisha maji puani mtu huweza kuyameza.

Chakula cha utando kinatoka wapi?

Viumbe hivi hustawi kwa chakula kile kile cha mahindi yetu, yaani naitrojeni na fosforasi. Watafiti waliochimba tope la chini ya ziwa na kulisoma tabaka kwa tabaka waligundua kuwa mabadiliko yalianza tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba.

Usidhani kosa ni la mbolea ya dukani peke yake. Wakulima wengi wa kwetu hutumia mbolea kidogo. Sehemu kubwa ya uchafuzi ni udongo wenye rutuba unaochukuliwa na mvua, samadi, maji ya vyoo, na hata vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, ambao hutua ziwani. Mkulima anapata hasara mara mbili: rutuba imemtoka shambani, kisha inamrudia kama sumu ndani ya ndoo.

Wataalamu na wananchi pamoja

Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana ziwani. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaolila, na wanavijiji wakashiriki kuwalea na kuwaachia majini. Gugu likapungua sana. Hata hivyo limekuwa likirudi, kwa kuwa chakula chake bado kinaingia ziwani.

Katika bonde la mto Nyando, Kenya, watafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF walichunguza mmomonyoko wa udongo na kufanya kazi na wakulima katika upandaji wa miti na hifadhi ya ardhi. Mtaalamu ana kipimo, lakini mwenye shamba ndiye mwenye jembe. Mmoja bila mwenzake hafiki mbali.

Ufanye nini?

Kwanza, lima kukatisha mteremko, weka makinga maji, na panda majani ya tembo kwenye kingo zake. Mvua hupunguza mwendo na udongo hubaki.

Pili, pima mbolea kwa kisoda kwa kila shimo kama mabwana shamba wanavyoelekeza, kisha ifukie. Usiweke wingu kubwa likiwa limetanda.

Tatu, samadi iwekwe kwenye shimo lililofunikwa, mbali na mto na kisima. Mabaki ya mazao yasichomwe, yatandazwe shambani.

Nne, acha ukingo wa maji na majani yake. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa.

Tano, jiunge na jumuiya ya watumia maji au kamati ya ufukwe ya eneo lako. Uongozi wa msikiti unaweza kumwalika bwana shamba aongee na waumini baada ya swala.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kujisaidia pale watu wanapochota maji. Tunaoishi juu ya mteremko tuna majirani walioko chini, na shamba letu likimwaga uchafu mtoni, wao ndio watakaounywa. Asiyemdhuru jirani kwa mkono wake asimdhuru kwa jembe lake.

Wabillahi tawfiq.