Pombe isipomwangusha mtu, haina maana haimdhuru

Karibu kila kijiji kina mtu anayesifiwa kuwa pombe haimuwezi. Wenzake wanapoanza kupepesuka, yeye bado anaongea vizuri, anahesabu chenji yake na kuwasha pikipiki. Je, mwili wake una nguvu kuliko ya wengine? Mara nyingi sivyo. Umezoea tu, na mazoea hayo yana hatari yake.

Iwe bia ya chupa, mbege, ulanzi au chang'aa, kinacholevya ni kilekile: alikoholi. Huingia kwenye damu na baada ya dakika chache hufika kwenye ubongo, ambako hupunguza kasi ya kazi zake. Ndipo aibu huisha, ulimi huwa mzito na miguu hukosa nguvu.

Mtu akinywa mara kwa mara, ubongo hujiongezea msisimko ili kushindana na kilevi. Ini nalo huongeza kasi kidogo ya kuivunja pombe. Chupa mbili zilizomtosha zamani sasa hazimtoshi, anataka nne. Huo ndio usugu wa pombe.

Lakini ini, moyo na tumbo vinapokea chupa zote nne. Barabarani pia usugu hudanganya. Husaidia zaidi katika mambo aliyoyazoea, kama kutembea na kuongea. Mbuzi akikatiza ghafla mbele ya pikipiki, mkono huchelewa kushika breki.

Hatari nyingine huja pale mnywaji wa kila siku anapoacha ghafla. Kilevi kimeondoka, lakini ule msisimko wa ubongo umebaki bila kitu cha kuutuliza. Katika saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho hutoka na usingizi hukimbia. Wengine huanguka kwa degedege ndani ya siku mbili. Wengine, hasa siku ya pili au ya tatu, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Huo si uchawi wala mapepo. Ni ugonjwa, na unaweza kuua.

Basi, ukimwona ndugu yako anatetemeka asubuhi mpaka azimue, jua kwamba mwili wake umeshaitegemea pombe. Msimfungie chumbani ili aache kwa nguvu. Mpelekeni kituo cha afya kabla hajaacha, mkaeleze anakunywa nini, kiasi gani na kila baada ya muda gani. Dawa za kumvusha siku hizo za kwanza zipo. Akianza degedege au kuweweseka, msingoje kukuche.

Aliyekwisha kuacha naye ajue jambo moja: usugu hupungua kadiri siku zinavyopita. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumzidi nguvu, hata kumzimisha pumzi.

Kwa hiyo tusimpime mtu kwa jinsi anavyotembea akitoka kilabuni. Tuhesabu alichokunywa.