Kukalisha Tairi Lisilo na Tyubu kwenye Rimu ya Baiskeli ya Milimani: Kanuni, Hatua na Nafasi ya Fundi

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua namna tairi lisilo na tyubu linavyofungwa kwenye baiskeli ya milimani. Mfumo huu ulienea baada ya mwaka 1999, pale kampuni za Mavic, Michelin na Hutchinson za Ufaransa zilipoafikiana kuhusu vipimo vya pamoja. Faida yake ni bayana: pasipo tyubu, hakuna cha kubanwa kati ya jiwe na rimu kikatoboka. Mwendeshaji aweza kupunguza upepo ili tairi lishike vyema njia ya mawe, kama ile ya Congo Nile inayoambaa na Ziwa Kivu nchini Rwanda. Hoja yetu ni kwamba kazi hii yawezekana katika karakana ya kawaida, mradi fundi aelewe kanuni yake.

2.0 Kanuni

Tairi lina kingo mbili zenye uzi usiovutika. Rimu nayo ina mfereji katikati na, kila upande, kitako ambapo ukingo hukaa. Kipenyo cha vitako ni milimita 622 kwa gurudumu la inchi 29, na milimita 584 kwa lile la inchi 27.5. Kukalisha tairi ni kuzihamisha kingo kutoka mferejini hadi vitakoni kwa nguvu ya upepo. Kabla kingo hazijakaa, upepo huvuja. Hivyo, sharti uingie kwa kasi kuliko unavyotoka. Ndiyo sababu pampu ya mkono mara nyingi hushindwa pale kompresa inapofaulu.

3.0 Hatua

Kwanza, rimu husafishwa kwa spiriti, kisha matundu ya spoki huzibwa kwa utepe maalumu unaofika kingo hadi kingo. Vali hupenyezwa na kukazwa kwa mkono. Pili, tairi huvalishwa kuanzia upande ulio mkabala na vali na kumalizikia kwenye vali, huku ukingo ukisukumwa mferejini ili upatikane ulegevu. Tatu, kingo hupakwa maji ya sabuni, kiini cha vali hutolewa, na upepo hujazwa kwa mkupuo. Mlio wa kupasuka huashiria kwamba ukingo umekaa. Nne, upepo hutolewa, dawa ya kuziba yenye utomvu wa mpira humiminwa kupitia vali, kiini hurudishwa, upepo hujazwa upya, na gurudumu huzungushwa na kulazwa kila upande.

4.0 Tahadhari

Mstari mwembamba ulio ubavuni mwa tairi uwe na umbali sawa na rimu pande zote. Usipolingana, kishawishi ni kuongeza upepo. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani tairi laweza kuchomoka ghafla na kumjeruhi fundi. Tairi na rimu kila kimoja kina kikomo chake cha upepo. Kilicho kidogo ndicho kifuatwe. Badala ya kukivuka, upepo utolewe na sabuni ipakwe upya. Aidha, dawa hukauka upesi zaidi penye joto, hivyo ikaguliwe kila baada ya miezi michache.

5.0 Hitimisho

Fundi wa pancha mwenye kompresa tayari anacho kifaa kikuu. Anachokosa mara nyingi ni maelezo katika lugha anayoifanyia kazi. Inapendekezwa, basi, kwamba mitaala ya ufundi stadi ijumuishe mwongozo wa Kiswahili unaotaja vikomo vya upepo kabla ya hatua yoyote, kwa kuwa usalama wa fundi hutangulia ubora wa kazi.