Bango katika Harakati za Kupinga Ubaguzi wa Rangi: Mfano wa Kikundi cha Medu

Makala haya yanafafanua dhima ya sanaa katika harakati za kupinga ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini kwa kurejelea Medu Art Ensemble, kikundi kilichoanzishwa Gaborone, Botswana, mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa na wasanii waliokuwa uhamishoni. Wanakikundi walipendelea kuitwa wafanyakazi wa utamaduni badala ya wasanii. Mabango yao yalichapwa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa kilichowambwa katika fremu. Mbinu hiyo haikuhitaji mtambo mkubwa, na nakala zilivushwa mpaka kwa siri. Tarehe 14 Juni 1985 majeshi ya Afrika Kusini yalivamia Gaborone na kuua watu 12, akiwamo mchoraji Thami Mnyele. Baada ya hapo Medu ilisambaratika. Kwa kuwa Mnyele alikuwa pia mwanachama wa Umkhonto we Sizwe, kifo chake pekee hakithibitishi kwamba dola iliogopa picha. Kinachodhihirika ni kwamba, katika mapambano hayo, mpaka kati ya brashi na bunduki ulikwishafutika, kwa wasanii na kwa dola vilevile.